KITI CHA HALMASHAURI YA HAKI: TUKIKATAE AU TUKIKALIE?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Nairobi)



Nimetakiwa niseme juu ya kujitolea kuingia katika halmashauri za kuishauri serikali ya mji juu ya haki za binadamu. Kazi hii haina mshahara. Najua ya kwamba wengi wenu mkisikia neno "ushauri" mnacheka, kwa sababu mshauri hana amri. Yeye husema, na mwenye amri akipenda husikia, asipopenda huendelea na chai yake. Siwalaumu wanaocheka. Wana sababu, na nitaanza na sababu hizo.

Katika miaka ya 1940 Waafrika wa Nairobi walikuwa na Baraza lao la Ushauri. Baraza hilo lilishauri, lakini halikuamua. Mwezi wa Machi 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, East African Trade Union Congress, ambayo rais wake alikuwa Fred Kubai na katibu mkuu Makhan Singh, iliwataka wafanyakazi wasiende katika sherehe. Hoja yao ilikuwa rahisi: mji umejengwa kwa jasho la watu wasio na sauti ya kuuamua, basi furaha hiyo si yao. Tarehe 15 Mei mwaka huo huo viongozi hao wawili wakakamatwa, na siku ya pili wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka mwaka 1961. Kwa hivyo anayeshuku halmashauri isiyo na meno hakuanza leo. Wazee wetu walishuku, na walilipa.

Sasa nauliza: je, mambo ni yale yale? Sisemi ya kwamba wakubwa wamegeuka malaika. Nasema sheria imegeuka. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini, kuingia chama na kugoma. Kifungu cha 43 kinataja makao, maji safi na chakula. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kifungu cha 196 kinaliamuru baraza la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Mshauri wa zamani aliomba kama mtu aombaye hisani. Mshauri wa leo anadai kitu kilichoandikwa. Tofauti hiyo si ndogo.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Sheria ya fedha za umma ya 2012, kifungu cha 137, inasema kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Ndani yake gavana na mawaziri wake wakae pamoja na wajumbe wasio maofisa wa kaunti, na idadi ya wajumbe hao ilingane na ya mawaziri. Majina yao yatolewe na vyama, na sheria inataja waziwazi mambo ya wafanyakazi, pamoja na wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, biashara na dini. Jukwaa hilo nalo ni la kushauriana tu. Lakini huko ndiko husemwa fedha za mji ziende wapi, na haki isiyo na fedha ni karatasi. Sisi tusipotoa jina, kiti hicho hakitabaki kitupu. Litaandikwa jina la mtu mwingine, naye atasema ya kwamba wafanyakazi wameridhika. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wengine husema haki za binadamu ni mambo ya mawakili, sisi kazi yetu ni mshahara. Tazameni Mombasa, Januari 1947. Wafanyakazi wapata 15,000 waligoma, mji ukasimama. Mshahara haukutosha, na nyumba zilikuwa ghali na mbovu. Hawakuyaita madai yao haki za binadamu, maana Tangazo la Ulimwengu lilikuwa bado halijatoka. Lilitoka tarehe 10 Desemba 1948, na kifungu chake cha 23 kinataja haki ya kazi, ujira wa haki, na kuunda vyama vya wafanyakazi. Yaliyodaiwa bandarini ndiyo yaliyokuja kuandikwa. Mfagia barabara asiye na glavu wala gambuti, mama wa sokoni anayenyang'anywa mboga na askari wa kanjo, mtumishi wa nyumbani asiye na siku ya mapumziko, hao ndio haki za binadamu za mji huu.

Mombasa inatufundisha na jambo jingine. Baada ya mgomo baraza la usuluhishi liliongeza mishahara. Kabla ya mgomo maneno yalikuwa yamesemwa sana, hayakusikiwa. Kwa hivyo mjumbe asiye na chama nyuma yake ni pambo la meza. Lakini chama kisicho na mtu wa kuandika ushahidi na kuupeleka panapohusika, hicho nacho hupiga kelele tu. Vyote viwili vyatakiwa.

Basi nashauri tukikalie kiti, kwa masharti haya:

1. Mjumbe achaguliwe na mkutano huu kwa kura, asiitwe kwa simu na mkubwa yeyote.

2. Asiende na malalamiko ya hewani. Aende na tarehe, jina la mtaa, idadi ya watu, na barua. Tom Mboya, kabla ya kuwa kiongozi wetu mkuu, alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi tangu 1951. Hali ya mitaa hakuisoma katika gazeti, aliikagua.

3. Akinyimwa habari, atumie sheria ya 2016 ya kupata habari. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48.

4. Baada ya kila kikao arudi hapa aeleze: nilisema nini, nilijibiwa nini, nani alikataa. Ripoti hiyo ichapishwe katika gazeti hili.

5. Asipokee zawadi wala ahadi ya kazi. Akipokea, tumwondoe siku hiyo hiyo.

6. Halmashauri ikimziba mdomo, asijiondoe kimya kimya. Atoke hadharani, na sababu zake zijulikane mjini kote.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Kikao hufanywa mchana wa siku ya kazi. Mwenye duka au wakili aweza kuondoka apendavyo, lakini mfagiaji akiondoka hukatwa. Ndiyo maana viti vya namna hii hujazwa na watu wale wale wenye nafasi, kisha twashangaa kwa nini hawatujui. Kujitolea si kumwachia mtu mmoja njaa kwa ajili yetu sote. Kwa hivyo natoa hoja, Bwana Mwenyekiti: mfuko wa tawi umrudishie mjumbe nauli na ujira wa saa alizokosa, wala si zaidi ya hapo. Na msaidizi wake achaguliwe pamoja naye, na angalau mmoja wa hao wawili awe mwanamke.

Mkiikataa hoja hii, tusilalamike tena ya kwamba mji hautusikii. Mkiikubali, wenye moyo wa kujitolea wamwandikie Katibu majina yao kabla ya kutoka humu.

Umoja ni nguvu.