Simba Ndani ya Behewa

Leo nilikuwa nimepanga tuongee kuhusu nyumba za Kaloleni. Nyumba hizo zimesimama tangu wakati wa mkoloni, zitasimama wiki moja zaidi. Kuna msikilizaji wa Umoja Innercore ametutumia ujumbe, na ujumbe huo umeniharibia mpango wote.

Anasema binamu yake anaishi Minnesota, Marekani. Wenzake wa kazini wamemwalika akawinde nao kulungu, lakini ameambiwa hauziwi leseni mpaka amalize darasa la usalama wa mwindaji. Anaweza kulisoma mtandaoni, ameketi kwenye kochi lake. Basi huyu ndugu anauliza: Je, Kenya tuliwahi kuwa na darasa la namna hiyo, ama kila mtu alijipigia tu?

Mambo ya Minnesota niyamalize haraka. Huko, kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 lazima awe na cheti hicho. Mtu mzima anaruhusiwa kusoma yote mtandaoni. Kijana akisoma mtandaoni, bado lazima aende siku moja uwanjani, mwalimu amwone kwa macho anavyoshika bunduki, anavyovuka ua nayo, mdomo wa bunduki anauelekeza wapi. Waliozaliwa kabla ya hapo wanaaminiwa kwa mvi zao. Hilo hunichekesha, maana risasi haiulizi umri wa aliyeifyatua. Jimbo la New York ndilo lililotangulia kulazimisha mafunzo haya, mwaka 1949. Ndugu yangu wa Umoja, mwambie binamu asome, na kama kuna siku ya uwanjani aende hata kama hajalazimishwa.

Sasa turudi kwetu. Nilitaka nianzie mwaka 1934, lakini kuna mzee wa Makongeni yuko kwenye laini, mstaafu wa reli. Anasema, "Bwana mtangazaji, usianzie huko. Anzia kwa behewa la Ryall." Mzee wangu, umenishika pabaya, maana hicho ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote!

Ni Juni mwaka 1900. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, yuko safarini kuja Nairobi pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Wanafika stesheni ya Kima, kule Ukambani, wanaambiwa kuna simba anayekula watu papo hapo stesheni. Ryall anasema tulale hapa, tumpige. Behewa lao linafunguliwa kwenye gari la moshi, linawekwa kwenye reli ya pembeni. Reli hiyo haikuwa imesawazishwa vizuri, behewa likakaa limeinama upande mmoja. Shikeni hilo la kuinama.

Ryall anachukua zamu ya kwanza. Huebner analala kitanda cha juu, Parenti sakafuni. Patterson, yule aliyewapiga simba wa Tsavo, ameandika kwamba jamaa hawa waliona gizani vitu viwili vinang'aa, wakadhani ni vimulimuli. Vimulimuli visivyopepesa! Kisha usiku ukawa mrefu, na Ryall naye akasinzia, bunduki iko naye.

Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma. Kwa vile behewa lilikuwa limeinama, uzito wake ulipoingia mlango ukateleza, ukajifunga wenyewe. Sasa wako wanne ndani: watu watatu na simba. Mnyama amemkanyaga Parenti sakafuni huku akimshika Ryall. Huebner anaruka kutoka juu, anatua mgongoni mwa simba. Mgongoni mwa simba, wasikilizaji! Anakimbilia mlango wa pili, kumbe wahudumu waliokuwa upande ule wameushikilia kwa nguvu zao zote. Wewe ungewalaumu? Anausukuma, anapenya. Simba anatoka kwa dirisha, na Ryall yuko mdomoni. Parenti naye akajirusha nje kwa dirisha lingine.

Behewa lenyewe lipo hadi leo. Nenda Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi tu kutoka Muthurwa, ulione na mlango wake. Hapo utaelewa kwa nini nasema darasa la uwindaji nchi hii lilianzia kwenye behewa lile. Ryall hakuwa mtu mjinga, alikuwa mkuu wa polisi na silaha alizijua. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kungoja simba usiku si kazi ya mtu mmoja aliyechoka, na mlango ulio wazi si mlango wa kulala nao.

Hata hivyo watu hawakujifunza upesi. Mwaka 1911 George Grey, ndugu yake Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alimfukuza simba kwa farasi kwenye mbuga za Athi, akamkaribia mno. Akararuliwa, akafia hospitalini hapa Nairobi.

Ndipo tunafika 1934. Wawindaji wa kulipwa wanakutana Norfolk Hotel, wanaunda chama chao cha Afrika Mashariki. Rais wake wa miaka mingi alikuwa Philip Percival, mkulima wa upande wa Machakos. Kuingia chama hiki ilikuwa kazi. Ulifanya uanagenzi chini ya mzoefu, wenzako wakakudhamini, wakakupima. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba mwindaji asiwe mwoga wala asiwe na kiherehere. Na mnyama aliyejeruhiwa hakuachwa porini akamrarue mchunga mbuzi wa watu. Ulimfuata kichakani wewe mwenyewe, hata kama aliyekosa shabaha ni mgeni wako tajiri. Kwa hiyo, ndiyo, shule ilikuwepo, na ilikuwa kali kuliko ya mtandaoni.

Lakini nani alihitimu? Hapa ndipo mimi hukasirika. Wanachama karibu wote walikuwa Wazungu. Mwandishi Hemingway alipokuja 1933 na kuwinda na Percival, nyuma yao alikuwepo mbeba bunduki, Mkamba, ambaye Hemingway anamwita M'Cola katika kitabu chake cha 1935. Mtu kama huyo ndiye aliyesoma nyayo, akajua upepo unatoka wapi, akasimama na bunduki ya pili wakati nyati anakuja na mgeni ameganda. Elimu yote alikuwa nayo yeye, cheti hakupata.

Na Wawata wa Tsavo je? Hawa waliwinda ndovu kwa upinde ambao mimi na wewe hatungeuvuta hata nusu, na mishale ya sumu ya msunguti. Kichwa cha mshale kilizungushiwa ngozi laini, sumu isikauke, na isimchubue mwenye mshale. Huo si usalama wa mwindaji? Kijana alifundishwa hivyo na baba yake. Mnamo 1956 na 1957, wakati Mzungu mwenye leseni na pesa akipiga ndovu kihalali, wasimamizi wa mbuga David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako mkubwa Tsavo, na Wawata wengi wakafungwa jela. Mwaka 1960 serikali ikaanzisha mradi wa Galana ili waweze kuwinda kisheria. Haukudumu.

Mama mmoja wa Dandora anauliza kama leo anaweza kumpeleka kijana wake akasomee uwindaji. Hapa Kenya hapana, mama. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na chama cha kina Percival kikavunjwa mwaka huo huo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani na hata ule wa kutafuta kitoweo. Tanzania ndiko vitalu vya uwindaji vipo. Wao walifunga 1973, wakafungua tena 1978, na anayeongoza wageni huko anaitwa mwindaji bingwa, naye hupimwa kwa mtihani. Kama kijana anapenda wanyama bila kuwapiga, Chuo cha Mweka karibu na Moshi kinafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963.

Muda umeniishia, na mtu wa habari ananikodolea macho kwenye kioo. Mimi msimamo wangu ni ule ule: waliofuzu shule ya uwindaji Kenya hii hawakuandikwa kwenye rejista yoyote. Katika ploti zetu huku Eastlands kuna familia zilizotoka Machakos, Kitui na Makueni ambazo babu yao alifuata nyayo kwa kampuni za safari. Kama ni kwenu, na kuna picha, barua ya kazi au hata jina lake na la bosi wake, tutumie kabla ya Jumamosi ijayo. Nitayasoma majina hayo hapa hewani, moja moja.