Kiti cha Diwani si Mali ya Diwani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumepewa nafasi hii tuseme machache juu ya mambo mawili ambayo hatuyazungumzi mara nyingi mikutanoni. La kwanza ni hili: diwani akifariki, au akijiuzulu, au akifungwa, ni nani mwenye haki ya kumweka mwingine katika kiti chake? La pili: malipo ya diwani hupangwa na nani?

Twajua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya makarani na wanasheria, sisi yatuhusu nini?" Ndugu zetu, yatuhusu sana. Siku ya uchaguzi mkuu kila mtu yu macho: bendera zinapepea, ngoma zinalia, na mawakala wanahesabu kura moja moja. Lakini kiti kikibaki wazi katikati ya miaka, au hesabu ya posho ikipitishwa barazani jioni watu wakiwa wamekwenda zao, ni wangapi kati yetu wanaouliza? Basi hapo ndipo mamlaka ya raia huvuja, kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka tulikotoka. Dar es Salaam ilifanywa manispaa mwaka 1949. Katika miaka ile ya mwanzo wajumbe wa baraza lake walikuwa wa kuteuliwa na Gavana. Mjumbe akiondoka, Gavana huweka mwingine, na watu wa Kariakoo na Ilala husikia tu kwamba fulani ndiye mwakilishi wao. Tulikataa jambo hilo. Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa mji ule, na watu walifurahi si kwa sababu ya joho na mkufu wa umeya, bali kwa sababu mamlaka yalikuwa yanarudi kwa wenyewe. Basi tusikubali kiti kile kile tulichokitoa mkononi mwa Gavana kirudi kujazwa kwa mlango wa nyuma.

Sisi tulipokuwa chuo cha ualimu tulilionja jambo hili kwa udogo wake. Katibu wa baraza la wanafunzi aliondoka, na wiki iliyofuata tukasomewa jina la katibu mpya. Hakuna aliyempigia kura. Alikuwa kijana mwema, hatukuwa na neno naye. Lakini tulipokuwa na shida ya chakula, alikwenda kwa waliomweka kuuliza aseme nini, hakuja kwetu. Hakuwa mbaya. Alijua tu deni lake liko wapi.

Sasa na tutazame mbali kidogo, tuone miji ya Marekani. Hatuendi huko kwa kuisifu nchi ile. Twaenda kwa sababu miji yake ni mingi na kila mji una desturi yake, kwa hiyo njia zote zimejaribiwa humo, nzuri na mbaya.

Njia ya kwanza ni ya Chicago. Baraza lake lina wajumbe 50. Kiti kikiwa wazi, Meya humteua mtu, kisha baraza humthibitisha. Kazi haisimami, wala mtaa haukai bila msemaji. Lakini mtu huyo anapoingia barazani kumhoji Meya juu ya fedha za mji, atamhoji kwa ukali gani, naye ameketi kwa fadhila yake?

Njia ya pili ni ya miji mingi ya California. Sheria ya jimbo yawapa madiwani waliobaki siku 60: ama wamteue mtu wenyewe, ama waitishe uchaguzi. Hapo diwani mpya hana deni kwa Meya, ana deni kwa wenzake.

Njia ya tatu ni ya New York, yenye madiwani 51. Huko Meya hana hiari. Kiti kikiwa wazi sheria yamtaka atangaze uchaguzi maalum, na wagombea hawatumii majina ya kawaida ya vyama. Los Angeles nayo imepita njia ya uchaguzi. Rais wa baraza lake alipojiuzulu Oktoba 2022, baada ya sauti yake iliyonaswa akitoa maneno ya ubaguzi kusikika hadharani, kiti chake kilijazwa kwa kura mwaka 2023. Njia hii ina gharama na huchukua miezi. Lakini anayeingia huingia akijua ni nani aliyemtuma.

Kuhusu malipo kadhalika. Los Angeles, tangu mwaka 1990, imeyafunga malipo ya madiwani na mishahara ya mahakimu, hivyo madiwani hawajipigii kura wenyewe. New York wana tume ya kutoa ushauri. Mwaka 2016 tume hiyo ilishauri kila diwani alipwe dola 138,315 kwa mwaka. Madiwani wakapitisha dola 148,500. Ni kweli kwamba pamoja na nyongeza hiyo walifuta posho za vyeo na kujikataza karibu mapato yote ya nje, na hilo twawapa haki yao. Lakini mwisho wa yote waliojiongezea ni wao wenyewe. Waswahili husema, kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, utakosa haki.

Ndugu wanachama, sasa tutawasimulia habari ya mji mdogo uitwao Bell, karibu na Los Angeles. Twaomba mtusikilize kwa makini, kwa maana ndani yake mambo yetu yote mawili yamekutana.

Mwaka 2010 Bell ulikuwa na watu wapatao 35,000. Wengi ni wafanyakazi wa kipato cha chini, na wengi wametoka Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kusini na ya Kati. Sheria ya California iliweka kikomo cha malipo ya madiwani wa miji ya kawaida, na kwa mji wa ukubwa ule kilikuwa kama dola 400 kwa mwezi. Basi wakubwa wa Bell walitafuta mwanya. Mwaka 2005 waliitisha uchaguzi maalum ili mji uwe na katiba yake wenyewe, maana mji wenye katiba yake hutoka chini ya kikomo kile. Kati ya maelfu ya raia, waliopiga kura hawakufika 400. Asiyekuwapo na lake halipo. Katiba ikapita.

Yaliyofuata yalikaa gizani miaka mitano. Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba msimamizi mkuu wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, yaani karibu maradufu ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani wanne kati ya watano walikuwa wakipata karibu dola 100,000 kila mmoja kwa mwaka, kwa kazi ambayo si ya kutwa. Walifanyaje? Hawakuandika popote "mshahara dola 100,000". Waliyagawa malipo katika kamati na bodi mbalimbali, za takataka, za fedha, na kadhalika. Bodi zenyewe zilikutana dakika chache, au hazikukutana kabisa, lakini posho ilitoka kila mwezi. Mji huo huo uliwatoza wakazi wake kodi ya nyumba ambayo ilikuwa miongoni mwa zile za juu kabisa katika wilaya nzima ya Los Angeles.

Na diwani wa tano je? Huyu alikuwa ameteuliwa Oktoba 2009 kujaza kiti kilichobaki wazi. Alipata dola 673 kwa mwezi, na alisema hakujua wenzake wanapata nini. Alikaa nao meza moja, akapiga nao kura, asijue! Twaona basi kwamba katika baraza lililozoea giza, hata aliyemo ndani haoni. Wenzake walimhitaji akijaze kiti, hawakumhitaji aulize hesabu.

Gazeti lilipofichua, wananchi walijaa barazani wakidai haki. Mwezi wa Septemba 2010 wakubwa wanane wa zamani na wa wakati ule walikamatwa. Machi 2011 maelfu walipiga kura na kuwaondoa madiwani wale. Katika mahakama, madiwani watano kati ya sita walioshitakiwa walitiwa hatiani kwa baadhi ya makosa mwaka 2013, na Rizzo alihukumiwa miaka 12 gerezani mwaka 2014. Haki ilipatikana, lakini ilichelewa, na fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kwenda. Kura zisizofika 400 ziliufungua mlango. Ilihitajika mji mzima kuufunga.

Hapa atasimama mtu aseme, "Basi diwani asilipwe kitu, afanye kazi kwa mapenzi." Hapana, ndugu yetu. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Kule Uingereza wabunge hawakuwa na mshahara mpaka mwaka 1911, walipoanza kupewa pauni 400 kwa mwaka. Matokeo yake kwa miaka mingi Bunge lilikuwa la wenye mashamba makubwa na wenye viwanda. Ndiyo maana wafanyakazi walioandika madai yao mwaka 1838, walioitwa Chartists, waliweka malipo ya wabunge miongoni mwa madai yao sita. Walijua kwamba fundi seremala hawezi kuacha randa yake akakae bungeni huku watoto wake wakilala njaa. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Mama anayeuza samaki feri akiwa diwani bila posho ya kutosha, ama ataacha udiwani, ama atampata bwana wa kumsaidia. Na bwana huyo hatasaidia bure. Kwa hiyo diwani alipwe kwa kadiri ya kazi, lakini alipwe mchana kweupe.

Tena tusidhani kwamba sheria nzuri yatosha peke yake. Jirani zetu wa Kenya, kwa katiba yao ya mwaka 2010, waliunda tume ya mishahara ili viongozi wasijipangie wenyewe. Ni jambo jema. Hata hivyo mwaka 2013 wajumbe wa mabunge ya kaunti waligoma wakidai nyongeza. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, tume hiyo ikasimamisha nyongeza iliyokuwa imepangwa. Na kuhusu viti, sheria yao yataka uchaguzi mdogo. Lakini tangu Januari 2023 tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, mpaka Julai 2025. Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023, na watu wake hawakupata nafasi ya kumchagua mwingine mpaka tarehe 27 Novemba 2025. Sheria ilikuwapo, wa kuitekeleza hawakuwapo.

Na sisi je? Kwetu kiti cha diwani wa kata hujazwa kwa uchaguzi mdogo, na hilo ni jema. Lakini tarehe 26 Novemba 2017 palifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43, na baadhi ya viti hivyo vilikuwa wazi si kwa kifo, bali kwa sababu madiwani walijiuzulu na kuhama vyama. Mtu ana haki ya kubadili mawazo yake. Lakini waliompa kura waliingia foleni upya, na gharama ikatoka katika kodi yao. Anayehama na aje kwanza awaeleze waliomtuma.

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja kulalamika tu. Tunaliomba tawi hili likubali mambo manne.

Mosi, kiti cha kata kikiwa wazi, sisi wanachama tuwe wa kwanza kuuliza tarehe ya uchaguzi, na siku hiyo twende kama tuendavyo siku ya uchaguzi mkuu. Tukumbuke wale wasiofika 400 wa Bell.

Pili, mgombea wa chama katika uchaguzi mdogo apatikane kwa kura za wanachama wa kata ile. Asije na barua kutoka juu. Tukiukataa uteuzi wa Gavana kisha tukaufanya sisi kwa sisi, tutakuwa tumebadili mwandiko tu.

Tatu, tudai nyongeza yoyote ya malipo ianze baada ya uchaguzi unaofuata. Wamarekani walilipendekeza jambo hili kwa wabunge wao mwaka 1789, likaingia katika katiba yao mwaka 1992. Karibu miaka 203! Sisi tusingoje hivyo.

Nne, malipo yote ya diwani, yaani posho ya mwezi, ya vikao, ya safari na ya kamati, yaandikwe kwa jumla moja na kubandikwa ubaoni katika ofisi ya kata, mahali ambapo mama aendaye sokoni ataweza kuyasoma. Na tuanze na madiwani wa chama chetu wenyewe. Diwani mwema hatachukia. Akichukia, basi tumepata jibu.

Kiti ni chetu, aliyekaa ni mtumishi wetu, na fedha ni jasho letu. Mkutano ukikubali, jina la kwanza na libandikwe Jumatatu.