KIPANDE KILICHOVUNJIKA
Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuseme juu ya kutunza gari la kikundi. Hatutasema yote. Tutasema jambo moja: mnafungua giaboksi kwa huduma ya kawaida, nia yenu ni kubadilisha oili tu, halafu mnaona kipande kilichovunjika. Hapo mtafanya nini?

Zamani pikapu nyingi za vijijini zilikuwa za gia za mkono. Siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka Japani, na mengi ni ya otomatiki. Sheria yetu haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likifika kwa kikundi kama chetu limeshapita mikono miwili mitatu hapa nchini. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Hakuna ajuaye.

Gari letu ni dogo. Kila asubuhi hupeleka maziwa ya wanachama kwenye kituo cha kupozea. Gereji iko mbali, kwa hiyo huduma ndogo tunafanyia nyumbani kwa mwanachama wetu mmoja aliyesomea ufundi kwenye polytekniki ya kijiji. Utaratibu wetu ni huu.

Kwanza, gari husimama mahali tambarare, magurudumu yanawekewa mawe, na likiinuliwa hukaa juu ya stendi za chuma. Hakuna mtu kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza hakuna wa kulaumiwa tena, kuna maziko tu.

Pili, tunangoja oili ipoe kidogo, maana ikiwa moto sana inaunguza mikono. Halafu tunaitoa na kuipima. Magari madogo mengi hutoa kama lita 3 au 4 tu, kwa sababu nyingine hubaki ndani. Kiasi kilichotoka ndicho tunachorudisha, na iwe aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili za otomatiki si moja, hata zikiwa zote ni nyekundu.

Tatu, tunafungua lile bakuli la chini, ambalo mafundi huliita sampu. Ndani yake kuna sumaku ndogo, na hapo ndipo giaboksi inaposema siri zake. Sumaku ikiwa na tope laini la kijivu, kama majivu yaliyolowana, msiogope. Huo ni ulaji wa kawaida wa vyuma. Lakini mkiona vipande unavyoweza kuokota kwa vidole, hiyo ni habari nyingine. Kumbukeni pia kwamba sumaku haishiki aluminiamu wala shaba, basi pangusieni sampu nzima kitambaa cheupe mtazame. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha plati za klachi zimechomeka. Oili iliyogeuka kama maziwa ya pinki ina maji ndani, na mara nyingi maji hayo yametoka kwenye rejeta.

Sasa, siku ile sisi tulikuta kipande cha chuma chembamba, kimepinda kama ukucha wa mwezi, urefu wake kama kiungo cha kidole. Gari lilikuwa likitembea. Dalili ilikuwa moja tu: ukiweka rivasi, lilikawia kidogo kabla ya kushika. Dereva alikuwa amezoea.

Tuliita kamati siku hiyo hiyo, na kipande kikawekwa mezani juu ya gazeti. Maneno yakawa mengi. Mmoja akasema, “Hii gari bado inatembea, wacha tufunge, tutaona mwezi ujao.” Mwingine akasema, “Tuiuze haraka kabla haijakufa, kuna kikundi ng’ambo ya mto kinatafuta gari.” Mama mmoja mzee alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza, “Na hao wa ng’ambo si watu? Watoto wao hawasomi kwa pesa ya maziwa?” Hakuna aliyejibu. Habari ya kuuza ikaishia hapo.

Ndugu zetu, si kila kipande ni kifo cha giaboksi. Kuna magari ya Ford ambayo ukifungua sampu mara ya kwanza unakuta kizibo cha plastiki. Kilisukumwa ndani kiwandani wakati wa kuunganisha, na hakina madhara. Kwa hiyo kabla ya kulia au kucheka, ulizeni: kipande hiki kimetoka wapi? Msikitupe. Kioshwe, kifungwe kwenye karatasi, na mwandikie tarehe na kilomita.

Sisi tulikipeleka kwa fundi wa giaboksi. Alikitazama akasema ni sehemu ya ringi inayozuia plati za klachi zisitoke mahali pake. Akatueleza kwamba gari likiendelea kutembea, plati zitalegea, vipande vingine vitasagwa, na uchafu ule utazunguka na oili kila mahali. Basi gari likasimama. Tukavutwa hadi kwake juu ya lori. Kwa majuma mawili tulikodi pikapu, na wanachama wengine walinung’unika kweli kweli, maana kodi ilikatwa kwenye maziwa yao. Giaboksi ilipofunguliwa, ringi ilikuwa imevunjika, lakini plati zilikuwa bado nzima. Tukanunua ringi, sili, gasketi, chujio na oili. Hatukununua giaboksi nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa tuliushika kwa mikono.

Tunawaachia mambo machache ya kupeleka nyumbani.

Moja: muwe na daftari la gari. Kila oili, kila spea, kila dalili iandikwe, hata ile ndogo. Dereva akisema “inakawia kushika”, liandikwe neno hilo.

Mbili: wakati wa kufungua mtambo wawepo wanachama wawili au zaidi, si fundi peke yake. Hivyo hakuna wa kushukiwa, na hakuna wa kuficha.

Tatu: mkienda kutafuta spea, kama ni Nairobi kule Kirinyaga Road au kwingineko, bebeni kipande cha zamani na namba ya giaboksi. Kwenye magari ya Toyota namba hiyo huandikwa kwenye plati ya gari, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango.

Nne: mfundisheni dereva. Gari lisimame kabisa kabla ya kutoka rivasi kwenda mbele. Kwenye mteremko avute kwanza hendibreki, ndipo aweke P, ili uzito wa gari usilalie kile kijino kidogo kinachoshika. Gari la otomatiki likizima halisukumwi ili liwake. Wala lisivutwe kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, maana injini ikizima pampu ya oili nayo imelala, na giaboksi inazunguka kavu.

Tano: oili chakavu isimwagwe mtoni wala shambani. Iwekwe kwenye mtungi, ipelekwe gereji wanakokusanya.

Sita: wekeni akiba ya gari kila mwezi, kando na pesa zingine, hata kama ni kidogo. Katika Injili ya Luka, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Anayenunua gari ahesabu pia siku ya kulitengeneza.

La mwisho. Mali ya kikundi haina mwenyewe mmoja, na hiyo ndiyo hatari yake. Kila mtu hudhani mwingine ameona. Kipande kile kingeweza kurudishwa kimya kimya ndani ya takataka, na hakuna mwanachama angejua hadi siku gari lingekwama mlimani na maziwa yakaharibika. Mkiona kilichovunjika, kiwekeni mezani. Kutengeneza kutakuja baadaye, na pesa zitatafutwa. Lakini kikundi kinachoficha kipande leo, kesho kitaficha na daftari la hesabu.