Nafuu ya Kodi Isiyomwona Mlezi

Juni 30 inapokaribia, vibanda vya intaneti vya Nyeri, Karatina na Nanyuki hujaa watu wa kuwasilisha ritani za kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Mama anayelea watoto watatu peke yake na kapera asiye na mtoto, wakilipwa mshahara sawa, hukatwa kodi sawa. Kila mmoja hupata nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, basi.

Marekani humruhusu mzazi asiye na mwenzi, anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, kuwasilisha ritani kama mkuu wa kaya, na kodi ikapungua. Kenya haina daraja hilo. Hata baba aliyetengana na mkewe hawezi kuondoa kwenye hesabu ya kodi pesa za matunzo anazotuma. Sheria ya kodi ya mapato huzihesabu kuwa gharama binafsi.

Ilhali Ibara ya 53 ya Katiba inawabebesha wazazi wote wawili wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wameoana au hawakuoana. Serikali inayodai wajibu huo iutambue pia inapokata kodi. Mswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka. Wabunge wetu waulizwe mapema nafuu ya mlezi iko wapi.