Jeni Iliyoufupisha Mpunga

Leo tuna swali moja: kwa nini mpunga mrefu ukitiwa mbolea nyingi hulala chini, na ule mfupi husimama ukazaa?

Jibu limo katika homoni iitwayo jiberelini, inayorefusha seli za bua. Ilianza kujulikana kupitia ugonjwa. Mwaka 1926 huko Taiwan, mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuvu fulani hutoa kemikali inayorefusha miche ya mpunga kupita kiasi, ikawa myembamba na dhaifu. Kemikali hiyo ndiyo jiberelini. Baadaye ikabainika kwamba mimea yenyewe huitengeneza.

Ndani ya mpunga kuna jeni iitwayo SD1, iliyo kwenye kromosomu ya kwanza. Kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachohitajika katika hatua za mwisho za kuunda jiberelini. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, homoni hupungua na bua hubaki fupi.

Kasoro hiyo ilikuwamo katika mpunga wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen. Mwaka 1962, watafiti wa taasisi ya mpunga ya IRRI, Ufilipino, waliuzalisha na Peta, mpunga mrefu wa Indonesia. Mwaka 1966 ikatoka mbegu ya IR8. Bua lake fupi na imara lilibeba mashuke mazito bila kulala, hata shamba likishiba mbolea. Mavuno yakapanda Asia, ilhali jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2002 tu.

Homoni ikipungua, mbona punje hazipungui? Kwa sababu mpunga una jeni nyingine ya kazi hiyohiyo, inayotegemewa zaidi kwenye maua, wakati SD1 hutegemewa zaidi kwenye bua na majani. Kwa hiyo bua hufupika, shuke likasalimika.

Hata hivyo, ufupi si sifa kila mahali. Bangladesh kuna mpunga wa maji marefu. Mafuriko yakiufunika, SD1 yake huchapa kazi, jiberelini huongezeka, na bua hurefuka haraka ili majani yabaki juu ya maji. Mpunga mfupi hapo ungezama.

Basi, mkulima, kabla ya kununua mbegu fupi, kumbuka kwanza maji hufika kina gani shambani kwako.