Kiharusi: Dawa na Mazoezi Viende Pamoja

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.).

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Lakini ni wangapi katika milima yetu ya Upare waliopatwa na kiharusi, wakapewa vidonge, kisha wakalazwa ndani mpaka viungo vikakakamaa? Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani mwetu humu, kati ya 2003 na 2006 ulithibitisha kuwa maradhi haya si haba kwetu. Chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu.

Basi tufahamu: vidonge vya shinikizo hukinga kiharusi cha pili, lakini havifundishi mkono kushika. Mazoezi ya viungo huufundisha ubongo upya, lakini hayachukui nafasi ya vidonge. Kimoja bila ya kingine ni nusu ya tiba.

Mgonjwa wa Mbaga au Gonja hawezi kushuka Same mjini kila wiki, sembuse kufika KCMC, Moshi. Basi jamaa yake mmoja ajifunze mazoezi kwa mtaalamu, nasi majirani tupokezane zamu kama katika msaragambo. Kumwinua ndugu asimame tena ni ibada.

Wabillahi tawfiq.