NEPAL KATI YA MAJIRANI WAWILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa machifu, walimu na wazee)



Nimeombwa kueleza jinsi nchi ndogo isiyo na pwani iwezavyo kukaa na majirani wenye nguvu. Mfano wangu ni Nepal, nchi ya milima ya Himalaya. Kaskazini imepakana na China. Kusini, mashariki na magharibi imezungukwa na India. Mfalme Prithvi Narayan Shah, aliyeziunganisha falme zake katika karne ya 18, aliifananisha na kiazi kikuu kilichobanwa kati ya mawe mawili.

Katika mwaka wa 1950 Nepal ilifanya mapatano ya amani na urafiki na India. Katika mwaka wa 1960 ikafanya mengine na China. Haikutaka kuwa chini ya yeyote. Lakini mizigo yake mingi ya ng'ambo hupita India, hasa katika bandari ya Kolkata, na hapo ndipo penye shida. Mwaka wa 1988 Nepal ilinunua silaha kutoka China. Mwaka wa 1989 mapatano yake na India juu ya biashara na njia yalikwisha muda, na vituo vya mpakani vikafungwa, vikabaki viwili tu. Tena mwaka wa 2015, miezi michache baada ya tetemeko kubwa la nchi, malori yalizuiwa mpakani. Watu wakakosa mafuta, gesi ya kupikia na dawa. India ilikana kwamba ndiyo iliyofunga njia. Lakini mgonjwa asiye na dawa haulizi mlango umefungwa na nani.

Mwaka wa 2016 Nepal ilipatana na China ili ipate kutumia bandari zake. Jambo hilo ni jema; walakini Tianjin i mbali kupita Kolkata zaidi ya mara tatu, na njia yapita katika milima yenye maporomoko. Mlango wa pili humpa mwenye nyumba nguvu ya kusema. Haumpi ruhusa ya kuufunga wa kwanza.

Wahenga walisema, Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni kweli, lakini jirani hahamishwi. Yatupasa kuyafikiri haya, maana Uganda, Rwanda na Burundi nazo hupitisha mizigo yao Mombasa na Dar es Salaam. Nchi ya namna hiyo na iandike mapatano ya njia kabla ya ugomvi. Na impe jirani habari kabla ya kufanya jambo litakalomtia hofu. Na iwe na njia zaidi ya moja. Nasi wenye pwani tukumbuke kwamba njia ya jirani si fimbo ya kumpigia.

Maneno yangu yamekwisha.